Paa, Mnazi na Kaburi: Kusoma Picha za Angani kwa Madai ya Ardhi Visiwani

Migogoro mingi ya ardhi Unguja na Pemba hukwama pahala pamoja: kabla ya buldoza kufika, palikuwa na nini? Mmoja anasema palikuwa na nyumba, kisima na minazi ya babu yake. Mwengine anasema palikuwa pori tupu. Hati hakuna, au zipo mbili zinazogongana, na kila shahidi ni ndugu au jirani wa mmoja wao. Swali la namna hiyo picha ya angani hulijibu vizuri sana, mradi iwe imepigwa kabla ya tukio, ijulikane imepigwa lini, na anayeisoma ajue inaishia wapi.

Picha ya kabla tunayo. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH) kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani (droni) aina ya eBee juu ya visiwa vyote viwili, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Vijana wa SUZA walikuwamo katika urushaji. Pikseli moja, yaani nukta ndogo kabisa ya picha, ni kama sentimita 7 ardhini kwenye picha zile, na sehemu kubwa ya picha hizo iko wazi kwenye OpenAerialMap, hifadhi ya mtandaoni ya picha za angani. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua. Nchi chache zina kitu kama hicho kwa eneo lao zima. Ila kazi ilifanywa kipande kwa kipande, kwa hiyo ukiandika "picha ya mradi wa ramani" bila kutaja tarehe ya kipande chako, umeandika nusu ya habari, na wakili wa upande wa pili atauliza hiyo nusu nyengine.

Sentimita 7 maana yake ni hii: ukuta wa tofali la inchi sita unachukua pikseli mbili, na kilele cha mnazi mkubwa kinapita pikseli 100 kutoka ncha hadi ncha. Linganisha na Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya ambayo picha zake ni za bure: pikseli yake ni mita 10, kwa hiyo nyumba ya kawaida ya shamba inajaa ndani ya pikseli moja na nafasi inabaki. Shamba la eka tatu, zile zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, ni pikseli kama 120 za Sentinel-2, na ni 13 tu za Landsat, setilaiti ya Marekani ambayo pikseli yake ni mita 30. Kila chombo kina swali lake.

Na lipo swali ambalo hakuna chombo kinacholijibu: ya nani? Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, mtu anapewa haki ya kuitumia. Tena kwa mila yetu mwenye ardhi na mwenye mti wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Picha inaonyesha mnazi. Nani aliupanda, nani aliurithi na nani aliuza kwa mkono, hayo yanatoka kwa watu na karatasi. Anayempelekea hakimu othofoto (picha za angani zilizoungwa na kunyooshwa ziwe na vipimo kama ramani) akitaraji itamaliza kesi ya umiliki anajipotezea muda. Inachoweza kufanya ni kuondoa uongo kuhusu hali ya ardhi na kuhusu tarehe, na hilo si dogo pale ambapo hoja nzima ya upande mmoja imejengwa juu ya neno "pori".

Kazi hii ina historia. Mwaka 1995 Marekani ilionyesha kwenye Baraza la Usalama picha za angani za udongo uliofukuliwa karibu na Srebrenica, Bosnia, na makaburi ya halaiki baadaye yakafukuliwa. Mwaka 2006 Amnesty International ilitoa picha za setilaiti za Porta Farm, nje ya Harare, kabla na baada ya makazi yale kubomolewa na serikali mwaka 2005. Mwaka 2016 picha za kabla na baada za makaburi ya mawalii wa Timbuktu zilitumika katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwenye kesi ya Al Mahdi, aliyeshtakiwa kwa kuyabomoa. Kote huko picha ilikwenda pamoja na mashahidi wa ardhini. Peke yake isingetosha.

Kuisoma kabla ya kurusha chochote

Watu hukimbilia droni kwa sababu inavutia. Kwa maoni yangu droni ni ya mwisho, baada ya kumaliza kilichomo kwenye hifadhi za picha za zamani, kwa sababu droni inapiga picha ya leo na mgogoro ni wa jana.

Google Earth ina picha za miaka ya nyuma. Tarehe inaandikwa chini ya kioo, lakini inabadilika ukisogea karibu, na picha unayoiona inaweza kuwa imeungwa kutoka siku mbili tofauti, mshono ukipita katikati ya kijiji. Soma tarehe ukiwa umeshasogea karibu kabisa na kiwanja chenyewe. Jengine: picha za miaka tofauti hazikai sawasawa, zinaweza kupishana kwa mita kadhaa. Kabla ya kusema uzio umesogezwa, tafuta kitu kisichohama, kona ya msikiti au njia panda, uone kama nacho "kimehama". Kikiwa kimehama kwa kiasi kilekile na upande uleule, uzio haujaguswa.

Sentinel-2 inapita kila siku tano tangu setilaiti ya pili iliporushwa mwaka 2017. Nyumba haikuonyeshi, lakini inakupunguzia wigo wa tarehe. Ardhi ikisafishwa, udongo mwekundu au jiwe jeupe la matumbawe linang'ara ghafla kwenye pikseli ambazo juzi zilikuwa kijani. Ukipata picha safi ya kabla na picha safi ya baada, ubomoaji umo katikati yake, na mtu aliyeapa kwamba eneo lilikuwa tupu tangu mwaka uliopita ana la kueleza. Tatizo letu ni mawingu. Setilaiti inapita baada ya saa nne na nusu asubuhi, wakati wingu limeshajikusanya juu ya kisiwa, na wakati wa masika na vuli mwezi mzima unaweza kupita bila picha ya kufaa. Kivuli cha wingu nacho kinadanganya: doa jeusi shambani linafanana na pahala palipochomwa moto. Subiri pito linalofuata. Kivuli kitakuwa kimeondoka, palipoungua hapaondoki. Na hata palipoungua kweli si ushahidi wa shari, maana wakulima wa maweni huchoma makonde yao kabla ya masika kila mwaka.

Maweni yenyewe yanahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo haki nyingi zinapotea kimyakimya. Ardhi ya mawe ya mashariki mwa Unguja na ya Micheweni, Pemba, hulimwa kwa zamu: mkulima anafyeka, analima misimu michache, anaiacha ipumzike miaka, kisha anarudi. Picha moja ya siku moja itaonyesha kichaka, na mpango wa mwekezaji utaandika "ardhi isiyotumika". Dawa yake ni mfululizo wa miaka. Hifadhi ya Landsat ya pikseli za mita 30 inaanzia miaka ya 1980, nayo ni bure tangu 2008. Pale ambapo konde ni nusu eka utapata pikseli mbili tu, hutaona mipaka, lakini ukizifuatilia pikseli hizo mwaka hadi mwaka utaona zinapanda na kushuka: kijani, wazi, kijani, wazi. Pori la asili halifanyi hivyo. Chukua pia kichaka cha karibu ambacho pande zote mbili zinakubali hakijawahi kulimwa, ukiweke sambamba. Bila hicho, utaambiwa ni ukame tu.

Kivuli, paa, msingi

Msomaji mzuri wa picha huanza na kivuli. Sisi tuko nyuzi sita kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 9 Oktoba, na adhuhuri yetu ya jua ni kama saa sita na dakika ishirini. Picha ya droni iliyopigwa wakati huo haina kivuli cha maana: ukuta na njia ya miguu vinafanana. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, na ukuta wa mita mbili unatupa kivuli cha kama mita moja na ushei kuelekea kusini saa sita mchana. Disemba kivuli kinageukia kaskazini na kinakuwa kifupi zaidi. Kwa picha za setilaiti za asubuhi, Juni kivuli kinaangukia kusini-magharibi, Disemba kaskazini-magharibi. Mtu akikuletea picha "ya Julai" na vivuli vyote vimeelekea kaskazini-magharibi, tarehe aliyokupa si ya kweli, hata awe nani.

Paa la bati jipya linang'aa mpaka pikseli zinapauka. Miaka ikipita linaingia kutu na kuwa la kahawia. Makuti mapya ni ya rangi ya mchanga, kisha yanageuka kijivu. Hapo pana mtego: nyumba iliyoezuliwa ili kubadilishwa makuti inaonekana kama iliyobomolewa. Tofauti iko kwenye kuta. Nyumba inayoezekwa upya ina kuta zilizonyooka na vyumba vinavyohesabika kutoka juu. Iliyobomolewa ina lundo, kingo zimepasuka, na mara nyingi njia ya minyororo ya kijiko (mashine ya kuchimbia) inaonekana ikiingia na kutoka.

Msingi ndio unaoleta ugomvi mkubwa zaidi. Watu wetu hujenga kidogokidogo: msingi mwaka huu, matofali mwaka ujao, linta Mungu akijaalia. Msingi uliokaa miaka minne unameza majani, na kwenye picha ya masika haupo kabisa. Mthamini akija anaandika kiwanja kitupu. Tafuta picha ya Januari au Februari, kiangazi kimekausha majani, na ya asubuhi ili mstari wa tofali utupe kivuli chembamba. Mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe mraba haijipangi yenyewe kichakani.

Kisha makaburi. Kutoka Zanzibar kibla kiko karibu kaskazini kamili, na maiti hulazwa ubavu akielekea kibla, kwa hiyo kaburi letu linalala mashariki-magharibi. Kwenye picha ya sentimita 7, makaburi yaliyojengewa yanaonekana kama vijistatili vyembamba vyote vimelala upande mmoja, bila kujali njia au nyumba zimeelekea wapi. Mkusanyiko wa namna hiyo pembeni mwa kiwanja kinachoitwa pori ni hoja nzito ya ukaazi wa muda mrefu. Lakini kaburi la udongo lenye jiwe moja kichwani, chini ya mwembe, halitaonekana kamwe kutoka juu. Hayo mzee wa mtaa ndiye atakayeyaonyesha, mmoja mmoja, na mpimaji akiyachukua kwa mguu.

Kuhesabu miti

Fidia ya miti hulipwa kwa aina na hali ya kila mti, kwa hiyo hesabu ni pesa. Mnazi ni rafiki wa picha: kilele chake ni nyota, hakifanani na kitu kingine. Mwembe ni duara kubwa lenye uvimbe. Mkarafuu ni mgumu zaidi, kijani cheusi, umesongamana, na kwenye mashamba ya zamani ya Pemba vilele vimegusana mpaka huwezi kusema huu umeishia wapi. Huko tumia mfano wa urefu, yaani ramani ya kimo cha kila nukta ambayo programu huitoa kwenye picha zenyewe. Kilele cha kila mti kinajitokeza kama kichuguu hata pale ambapo rangi ni moja. Chini ya minazi kuna migomba, mihogo, na miche ya mikarafuu ambayo picha haiioni. Anayepeleka hesabu ya picha peke yake kwa mthamini anamnyima mkulima migomba yake.

Njia inayofaa ni hii. Fungua othofoto kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, weka gridi ya mita 20 kwa 20, na weka nukta juu ya kila mti, mraba kwa mraba. Mtu wa pili afanye hivyohivyo bila kuona nukta za mwanzo. Miraba ambayo hesabu zenu zinapishana ndiyo ya kwenda kutembea. Halafu pima kwa akili: minazi iliyopandwa mita 9 kwa 9 ni kama 50 kwa eka. Hesabu ikisema 90, ama shamba halikupandwa kwa mistari, ama kuna minazi iliyohesabiwa mara mbili. Hilo la pili hutokea kwenye mishono ya othofoto. Mnazi mrefu unalalia nje kila unapokuwa mbali na katikati ya picha. Programu ikiunga picha mbili, mnazi mmoja unaweza kutokea pande zote mbili za mshono, au ukapotea kabisa. Ukitilia shaka, rudi kwenye picha moja moja za asili. Upande wa pili ukigundua mnazi mmoja tu wenye pacha, hesabu yako yote itachekwa.

Droni, ikibidi

Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zinataka chombo kisajiliwe na urushaji uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na idhini ya upande wa ulinzi nayo inahitajika. Zingatia umbali kutoka viwanja vya ndege vya Kiembesamaki na Chake Chake, na usipite futi 400, kama mita 120. Anayerusha bila kibali katika kesi ya haki za watu anawaweka hatarini watu haohao, na anampa mpinzani sababu ya kuomba picha zikataliwe. Kibali kisipopatikana, na wakati mwengine hakitapatikana, fanya kazi na hifadhi na setilaiti.

Sheha aelezwe kwa barua, hata pale ambapo unajua hapendezwi na kazi yenyewe. Sheha ni mtu wa serikali na anaweza kuwa na upande, ndiyo sababu barua iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Halafu wanakijiji: itangazwe siku moja kabla, msikitini na dukani. Uani ni pahala pa stara. Mwanamke anayefua uani hakuvaa kwa ajili ya kamera. Kamera ielekezwe chini moja kwa moja, si kwa mshazari, na urefu usipungue mita 80. Kwa urefu huo kichwa ni pikseli chache na sura haitambuliki. Usirushe wakati wa sala ya Ijumaa, na usiwaache watoto wakaribie pahala droni inapotua, kwa sababu mapanga ya droni yanakata kidole.

Hesabu ya mruko si ngumu. Kamera ya kawaida ya inchi moja, yenye kitambuzi cha milimita 13.2 kwa upana, lenzi ya milimita 8.8 na pikseli 5,472, ikiwa mita 100 juu inatoa pikseli ya sentimita 2.7, na kila picha inafunika mita 150 kwa 100. Picha zipandane asilimia 80 kwenda mbele na 70 ubavuni: basi mstari na mstari ni mita 45, picha na picha ni mita 20. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde kamera inapiga kila sekunde mbili na nusu. Kiwanja cha mita 500 kwa 400, yaani eka 50 hivi, kinataka mistari kama 10, picha 260 na dakika 11 bila kuhesabu kona. Betri moja inatosha. Ibadilishe ikifika asilimia 30, usisubiri ilie.

Minazi inaharibu hesabu hii. Kusi likivuma makuti hayatulii, na programu inayotafuta nukta zinazofanana kati ya picha mbili haipati kitu. Othofoto inatoka na matobo au minazi iliyoyeyuka. Rusha mapema, kabla upepo haujaamka, panda hadi mita 110, na ongeza mpandano hadi asilimia 85. Urefu wa kurudi nyumbani, yaani kimo ambacho droni hupita inaporudi yenyewe ilikorukia, uuweke mita 60 angalau, baada ya kuangalia minara ya simu iliyo karibu. Uwanja wa mpira wa skuli ni pahala pazuri pa kurukia, ila usiweke chombo juu ya zege lenye nondo wala kando ya bati, dira itachanganyikiwa. Mwewe wakija, panda juu wima. Wao hushambulia kutoka juu.

Mashamba ya mwani yana masharti yao. Hapa wanaodai ni wanawake, na wanachodai ni eneo la maji ambalo halina bikoni wala hati: vigingi na kamba mbele ya hoteli. Maji yakijaa huoni kitu, na bahari tupu haiungiki kwenye othofoto kwa sababu mawimbi hayafanani picha hadi picha. Chukua siku za bamvua, ambapo kwetu maji hupwa kabisa asubuhi, saa nne na saa tano. Anza jua lingali chini kidogo, maana likipanda mng'ao wake juu ya maji utafuta kila kitu. Hakikisha kila mstari unaanzia ufukweni, wenye mawe na mitumbwi, ili programu ipate pa kushika. Rudia bamvua inayofuata. Mwani unavunwa kila baada ya wiki chache, na shamba lililovunwa jana linaonekana limetelekezwa.

Kuona vizuri na kuwa mahali sahihi

Pikseli ya sentimita 2.7 haina maana kwamba picha imekaa mahali pake kwa sentimita 2.7. GPS ya kawaida ya droni inakosea mita mbili hadi tano. Kwa kuonyesha kwamba nyumba ilikuwapo, hilo halina neno. Kwa ugomvi wa uzio ulioingia mita moja na nusu, picha hiyo haifai kabisa, na ni wajibu kumwambia wakili hivyo mapema. Panapohitajika usahihi, weka angalau alama tano ardhini, nne pembeni na moja katikati, vipande vya turubai nyeusi na nyeupe vya sentimita 60, vipimwe na mpima ardhi kwa kifaa cha RTK, GPS ya usahihi wa sentimita. Weka na mbili au tatu za ziada ambazo programu haiambiwi, uzitumie kupima kosa. Andika kosa hilo kwenye ripoti.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye ramani za zamani. Zilichorwa kwa mfumo wa koodineti wa Arc 1960, na GPS inafanya kazi kwa WGS84. Ukiweka koodineti za mmoja kwenye mwengine bila kubadilisha, kila kitu kinaruka kama mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 zinatosha kumhamisha mtu kutoka konde lake hadi ndani ya hifadhi ya msitu. Mipaka yote ikionekana imekosewa kwa kiasi kimoja na upande mmoja, angalia mfumo kabla hujamtuhumu mtu. Kwa visiwa vyote viwili tumia UTM kanda ya 37 kusini.

Kuitunza ifike mahkamani

Picha ikitumwa kwa WhatsApp inabanwa na kupoteza taarifa za ndani: saa, koodineti, aina ya kamera. Kinachobaki ni picha nzuri isiyo na ushahidi. Toa kadi kwenye droni, nakili faili zote bila kufungua hata moja, kisha tengeneza alama ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole, ya kila faili kwa programu iliyomo ndani ya Windows au Linux. Ni herufi na tarakimu 64. Ikibadilika pikseli moja, karibu zote zinabadilika. Chapa orodha hiyo, itiwe saini na tarehe na watu wawili siku hiyohiyo. Kadi ya asili iingie bahasha na ifungwe. Nakala mbili nyengine zikae nyumba mbili tofauti, moja ikiwezekana nje ya kisiwa. Kila anayeishika bahasha aandike jina, siku na sababu. Itifaki ya Berkeley ya mwaka 2020, iliyotolewa pamoja na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inaeleza utaratibu wa namna hii kwa vyanzo vya wazi vya mtandaoni, na misingi yake inafaa hata kwa picha ulizopiga mwenyewe.

Saa nayo iangaliwe. Setilaiti huandika saa za UTC, kwa hiyo ongeza tatu. Droni huandika saa iliyowekewa, pengine ya nchi ilikotengenezwa. Na shahidi wa Kojani akisema buldoza lilikuja saa tatu asubuhi, maelezo yakitafsiriwa haraka yanaweza kuandikwa 3:00. Kesi inaweza kuonekana ina mkanganyiko ambao haupo.

Shahidi naye aulizwe kwa mpangilio. Mpe picha iliyochapwa isiyo na mstari wala jina lolote, umwache ajitafutie: wazee wengi huanzia msikitini au kwenye mbuyu, hawaanzii kaskazini. Achore mwenyewe mpaka wake kwa kalamu. Ukimpa picha uliyokwisha kuichora, umemwekea maneno mdomoni, na maelezo yake hayatakuwa na thamani. Mwambie pia kabla ya kuanza kwamba picha inaweza kumgeukia. Kama nyumba ilijengwa baada ya taarifa ya kutwaa ardhi kutolewa, tarehe itaonekana. Ni heri ajue nyumbani kuliko kuambiwa kizimbani.

Lipo na la kutochapisha. Ramani nzuri ya nani anaishi wapi bila hati, ikiwekwa mtandaoni, ni orodha ya watu wepesi kuondolewa. Mwekezaji naye anajua kupakua. Weka hadharani jumla na picha za mbali. Majina na nyumba moja moja ziende kwa wakili, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kwa Mahkama ya Ardhi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila sheria na fidia, na Maelezo ya Jumla Namba 7 ya mwaka 1997 ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni yanataka watu washauriwe na wapewe taarifa ya kutosha kabla ya kuondolewa. Nguo kwenye kamba na mitumbwi iliyopandishwa, kwenye picha ya siku chache kabla ya ubomoaji, zinasema kama nyumba ilikuwa na watu. Picha ya aina hiyo usiibandike kwenye kundi la simu.

Kilichobaki ni karatasi. Usitegemee kwamba mahkamani patakuwa na projekta, na hakimu hataomba faili. Kwa skeli ya 1:1,000 kiwanja cha mita 500 kwa 400 kinaingia kwenye karatasi ya A2, na picha ya sentimita 7 inachapika kwa nukta kama 360 kwa inchi, safi kabisa. Chapa mbili, ya kabla na ya baada, kwa skeli moja na pembe moja, kila moja na tarehe, chanzo, kaskazini na kipimo chake. Weka rangi ya mstari mmoja tu. Jina la aliyeichora liwe pembeni, na awe mtu atakayekuwepo siku ya kuitwa kueleza alivyoichora.